Disney World ya Florida: kifungua kinywa cha maana mnakipata wapi?

#1 Bahari_Tulivu
Wakuu, salaam. Mwezi wa pili tunakwenda Orlando siku nne. Tuko watano: mimi, mume wangu, mabinti wawili (miaka 6 na 10) na mama yangu mzazi, ambaye ana sukari mwaka wa kumi na nne sasa. Tumepanga nyumba nje ya eneo la Disney, dakika kama ishirini kwa gari.

Wiki mbili nimepekua menyu zao usiku na usiku, na naomba niseme wazi ninavyoona: bustani hizi za michezo hazitaki mtu ale asubuhi. Sehemu nyingi za chakula zinafunguliwa kuelekea saa tano. Chache zinazowahi zinauza utamu juu ya utamu, mkate wa mdalasini mkubwa kama uso wa mtoto, umemwagiwa sukari nyeupe. Ukitaka meza na kiti, mayai na mtu wa kukuhudumia, mtu mzima ni zaidi ya dola 40. Mama akishachoma sindano yake hawezi kusubiri. Na sisi hatuli nguruwe.

Waliokwenda, mlikula wapi? Na kwa nini jambo dogo kama hili linakuwa kazi sehemu ambayo kila kitu kingine kimepangwa hadi kokoto?

#2 Kibuyu
Naweka kiti hapa, nami naenda Aprili.

#3 Fundi_Saa
Dada, jibu fupi: kuleni nyumbani. Mmepanga nyumba yenye jiko, chemsheni mayai, mama anywe chai yake, mtoke. Ila mpige hesabu ya njia. Magic Kingdom, moja ya bustani zao nne, huwezi kupaki gari langoni. Unapaki ng'ambo ya ziwa, halafu unapanda treni ya reli moja au feri kuvuka. Kutoka kuzima gari hadi kukanyaga Main Street, mtaa wa kwanza ndani ya lango, mimi ilinichukua karibu dakika 50 na ukaguzi wa mabegi. Kwa hiyo mama akila saa moja nyumbani, saa tatu bustani ikifunguliwa tumbo limeshaanza kuuliza maswali.

Na msibebe chakula, wanakizuia langoni.

#4 Nakshi_ya_Pwani
Fundi_Saa #3, hapo mwisho si kweli, na usimtie dada hofu. Disney World wanaruhusu kabisa kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi. Wanachokataa ni chupa za kioo (vya chakula cha watoto wachanga vinapita), pombe, barafu ya vipande vipande iliyomwagwa kwenye begi, na masanduku ya baridi makubwa kupita kiasi. Mimi nimeingia na mayai ya kuchemsha, parachichi, mkate na thamosi ya chuma siku tatu mfululizo. Mkaguzi alifungua, akatazama, akafunga.

Bustani nyingine za jirani zina masharti makali zaidi, labda ndiko ulikokutana na hilo.

#5 Fundi_Saa
Nimesahihishwa, asante. Ni kweli ilikuwa bustani nyingine, wiki hiyohiyo.

#6 Msafiri_wa_Mwezi
Nimekwenda mara tatu, acha nimwage nilichonacho.

Usitafute kifungua kinywa ndani ya bustani. Kitafute kwenye hoteli zao. Huhitaji kulala pale, unaweka nafasi ya mezani, unamwonyesha mlinzi wa geti, unaingia na gari. Kuna hoteli inaitwa Animal Kingdom Lodge, ya mwaka 2001, na ndani yake mgahawa unaoitwa Boma. Bafe. Mayai, viazi, matunda, uji, nyama za kukatiwa hapohapo, na bobotie, ile nyama ya kusaga ya Afrika Kusini inayookwa na yai juu. Mama wa sukari anapata cha kuchagua, kwa sababu kwenye bafe anaona kila kitu kwa macho kabla hakijafika kwenye sahani.

Halafu mkimaliza kula, tokeni nyuma ya jengo. Kuna mahali panaitwa Arusha Rock. Twiga na pundamilia wako pale kwenye nyasi, na asubuhi hakuna watu.

Nafasi uanze kutafuta siku 180 kabla.

#7 BintiKisauni
Msafiri #6, siku 180 ni enzi zile. Siku hizi ni 60. Wanaolala hoteli za Disney ndio wana upendeleo: siku ya 60 kabla ya kuwasili wanaweza kuweka nafasi za siku zao zote hadi kumi kwa mkupuo, wakati sisi wa nje tunahesabu siku moja moja. Ndiyo maana migahawa yenye wanasesere maarufu (watu waliovaa kama Mickey na wenzake) inakauka kabla hujafungua simu.

Na Bahari, jua hili: kwa bei zao mtoto ni miaka 3 hadi 9. Binti yako wa miaka 10 ni mtu mzima. Kwa hiyo nyie ni watu wazima wanne na mtoto mmoja. Piga hesabu upya.

#8 Bahari_Tulivu
BintiKisauni, hilo la miaka 10 sikulijua kabisa. Nimekaa kimya dakika nzima. Ahsanteni, endeleeni.

#9 Kaka_Mpole
Mimi nakubaliana na Bahari #1. Hawataki ule asubuhi. Fikirieni: ukishiba saa mbili, hununui kitu hadi saa nane. Ukiingia na njaa, saa nne na nusu unanunua chochote kinachonukia. Hiyo ni biashara, si bahati mbaya.

#10 Mwalimu_Mstaafu
Kaka_Mpole #9, ngoja kidogo. Kuna kisa kinachokwenda kinyume chako, tena kimeandikwa sana kwenye vitabu vya biashara.

Walipofungua bustani yao nje ya Paris tarehe 12 Aprili 1992, wakubwa waliambiwa Wazungu wa Ulaya hawakai kula asubuhi: kahawa kidogo, kipande cha mkate, basi. Kwa hiyo migahawa ya hotelini ikapunguzwa ukubwa. Hoteli zikajaa, na asubuhi kila mtu akashuka kula. Kuna mahali palipokuwa na viti 350 pakalazimika kulisha watu 2,500. Na hawakutaka mkate na kahawa, walitaka mayai na nyama ya kukaanga. Ikabidi wabuni vifungashio vya kifungua kinywa vya kupelekwa vyumbani.

Sasa mtu asiyetaka ule asubuhi hahangaiki namna hiyo. Walikosea hesabu, basi.

#11 Kaka_Mpole
Shikamoo Mwalimu. Lakini kisa chako kinanisaidia mimi. Kama tangu 1992 wanajua kwamba watu wanataka mayai asubuhi, zaidi ya miaka thelathini sasa, na bado vibanda ndani ya bustani vinafunguliwa karibu na saa tano, basi si kukosea tena. Ni uamuzi.

#12 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Umeniumbia swali jingine. Ile ilikuwa hotelini, hii ni ndani ya bustani. Si kitu kimoja.

#13 Shangazi_Pendo
Wanangu, mimi nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli kubwa miaka sita (si ya hao jamaa). Niwaambie kinavyoonekana kutokea ndani.

Kifungua kinywa ni wimbi moja. Watu wote wanakuja kwa dakika arobaini na tano, halafu kimya. Kwenye hoteli hilo linavumilika kwa sababu wengine wanachelewa kuamka. Kwenye bustani lango linafunguliwa kwa wote kwa wakati mmoja, na wote wanakimbilia michezo. Asiyekimbia anaonekana amepoteza. Sasa uweke wapishi kumi na wawili saa kumi na mbili asubuhi, wakaange mayai ya nani? Na bamba lilelile la kukaangia mayai ndilo utakalolisugua na kuliandaa kwa ajili ya nyama za mchana. Kubadilisha jiko kutoka chai kwenda mchana kunakula karibu saa nzima. Mwenye akili anaruka wimbi la kwanza.

Kwa hiyo, Kaka_Mpole, mimi naona wageni wenyewe ndio waliochagua foleni badala ya sahani. Jiko limefuata.

#14 Dada_Zuhura
Shangazi #13 amesema neno. Mimi na wanangu tulikuwa hao wakimbiaji. Kuna kitu wenyeji wanakiita "kuangusha kamba": unafika kabla ya lango, unasimama nyuma ya kamba, wakiishusha mnakwenda kwa haraka hadi mchezo wenye foleni ndefu. Saa ya kwanza ina thamani kuliko saa tatu za mchana. Ukikaa kula saa tatu hadi saa nne, umeila ile saa.

Suluhisho letu lilikuwa kula mara mbili. Ndizi na yai barabarani, kukimbilia michezo miwili, halafu saa nne na robo tunaketi kwenye mgahawa wa kifungua kinywa kabla hawajabadilisha menyu. Chakula cha asubuhi kikawa ndicho cha mchana. Hatukununua kitu tena hadi saa kumi.

#15 Fundi_Saa
Dada_Zuhura, hapo umenikuna. Ila kwa mama mwenye sindano, "ndizi na yai barabarani" itatosha?

#16 Muuguzi_wa_Zamu
Nijibu hapo, ni kazi yangu.

Bahari, cha kwanza ongea na daktari wa mama kabla ya safari kuhusu dozi kwa siku za kutembea sana. Bustani kama hizi mtu anatembea kilomita nyingi bila kujijua, na mwendo unashusha sukari. Kwa hiyo hofu yako ya utamu ni sahihi, lakini hofu ya pili ni kubwa zaidi: sukari kushuka katikati ya foleni. Asichome sindano ya chakula akiwa nyumbani halafu chakula kiko ng'ambo ya ziwa. Sindano na sahani vikae pamoja. Mfukoni awe na kitu cha kupandisha sukari haraka, juisi ndogo au peremende za glukosi, na kipimo chake, si kwenye begi lililobaki kwenye gari.

Insulini isikae juani. Kila bustani pale ina kituo cha huduma ya kwanza, na wanaweza kukutunzia dawa inayohitaji baridi. Uliza tu.

Kuhusu chakula chenyewe: mayai, parachichi, uji usio na sukari, tunda zima badala ya juisi. Ile juisi yao ya pasheni, chungwa na pera wanayomimina mezani kama maji ni tamu sana kinywani na sukari yake ni nyingi. Aionje, asiinywe.

#17 Bahari_Tulivu
Muuguzi, Mungu akubariki. "Sindano na sahani vikae pamoja" nimeiandika kwenye karatasi, nimebandika jikoni.

#18 Chui_Mwekundu
Nendeni mgahawa wa Be Our Guest, kwenye kasri la yule mnyama wa hadithi ya Beauty and the Beast, kifungua kinywa chao kilikuwa hatari. Unaagiza kwa simu, wanakuletea mezani.

#19 BintiKisauni
Chui, umesema "kilikuwa", na ndivyo ilivyo. Hawatoi tena kifungua kinywa. Ndani ya Magic Kingdom asubuhi pa kukaa ni Crystal Palace, bafe ya Winnie the Pooh na wenzake, au kasri la Cinderella kwenyewe. Ukipata nafasi ya mapema kabisa, unaingia kabla ya umati na kupita Main Street ikiwa karibu tupu. Picha za wanangu nilizopiga asubuhi ile hazina mtu hata mmoja nyuma.

#20 Msafiri_wa_Mwezi
Nyongeza kwa wasiokula nguruwe. Hollywood Studios, bustani yao nyingine, asubuhi kuna Ronto Roasters, upande wa Star Wars. Wanakuuzia mayai yaliyokunjwa kwenye mkate bapa, watu wanausifu mno, ila ndani mna soseji ya nguruwe. Humohumo, Woody's Lunch Box wana bakuli la viazi vya kukaanga na mayai juu, mchuzi wake ni wa ng'ombe. Huko kote unaagiza kwa simu kabla. Agiza ungali barabarani, ukifika foleni unaipita. Lakini uliza tena pale pale, menyu zao hubadilika.

Kwenye migahawa ya mezani, mwambie mhudumu mapema kuhusu nguruwe na sukari. Mpishi mwenyewe huwa anatoka jikoni kuja kuongea nawe. Kwangu alikuja na kalamu, akaandika, akanipitisha kwenye bafe sahani kwa sahani akinionyesha cha kugusa na cha kuacha.

#21 Kibuyu
Swali la mshamba: nini tofauti ya kula na hao wanasesere na kula kwa kawaida, zaidi ya bei?

#22 Dada_Zuhura
Kibuyu, tofauti ni foleni. Kumsalimia Mickey kwenye bustani unaweza kusimama muda mrefu. Kwenye mgahawa wa Chef Mickey's pale hoteli ya Contemporary, au Topolino's juu ya hoteli ya Riviera, wanakuja mezani kwako wewe ukiwa na uma mkononi. Mwanangu wa pili alikuwa amejificha chini ya meza kwa woga. Donald alipiga magoti, akalaza mdomo wake sakafuni, akanyamaza. Wakatazamana hivyo hadi mtoto akatoa mkono na kumgusa mdomo. Sikumbuki nilikula nini siku ile.

Na jambo la kijiografia: kutoka Contemporary unatembea kwa miguu hadi Magic Kingdom, dakika kama kumi. Kutoka Riviera unapanda Skyliner, vile vibanda vya kwenye waya, unashukia mlango wa nyuma wa bustani ya EPCOT. Kwa mama anayechoka hilo lina maana.

#23 Kaka_Mpole
Mnaona sasa? "Sikumbuki nilikula nini." Hiyo ndiyo hoja yangu. Wanauza kukumbatiwa, chakula ni kisingizio. Kuna mgahawa mmoja, sitautaja, nililetewa mayai baridi kama ya jana. Nilipotaka kusema neno, mwanasesere akafika, watoto wakapiga kelele za furaha, na mimi nikayala.

#24 Shangazi_Pendo
Kaka_Mpole, ungeyarudisha, mwanangu. Jikoni hatuchukii sahani inayorudi na neno la adabu. Tunachukia inayorudi tupu halafu mtu anakwenda kulalamika nje.

#25 Kaka_Mpole
Nimekuelewa Shangazi. Safari ijayo nitayarudisha.

#26 Mtoto_wa_Amu
Niwatoe kwenye mayai kidogo. Nani amekula mgahawa wa Tusker House, ndani ya bustani ya Animal Kingdom? Mko kwenye mji wa kubuni unaoitwa Harambe. Nilipoingia nilisimama. Kuta zilizobambuka lipu, milango, kibao cha Hoteli Burudika, duka la vitu vitamu linaitwa Tamu Tamu, mkahawa wa kahawa na mikate unaitwa Kusafiri. Walioubuni walichukua mfano wa kwetu, Lamu. Nimekunywa kahawa pale asubuhi na mapema nikiwa kama mtu aliyerudi nyumbani na kukuta wageni tu.

#27 Kibuyu
Mkahawa unaitwa Kusafiri? Kitenzi?

#28 Mtoto_wa_Amu
Kitenzi kizima kizima, Kibuyu. Na mkate wao wa mdalasini ndio huo mkubwa anaousema Bahari kwenye #1, nadhani.

#29 Chui_Mwekundu
Mtoto_wa_Amu, Lamu unaipenda lakini tazama chini. Pale Harambe pameandikwa Uhuru 1961. Kenya ilipata uhuru 1963. 1961 ni Tanganyika, tarehe 9 Desemba. Na safari ya kutazama wanyama pale inaitwa Kilimanjaro Safaris. Huo mji ni wetu.

#30 BintiKisauni
Chui, na neno Harambee liko kwenye nembo ya taifa gani? Tusker je? Acha mambo.

#31 Chui_Mwekundu
Harambee ina e mbili. Ile ina moja. Si yenu ile.

#32 Mwalimu_Mstaafu
Wote mna ushahidi na hakuna atakayeshinda. Wabunifu walitaka mji wa pwani ya Afrika Mashariki usiokuwa wa nchi moja. Kuta wakachukua Lamu, mwaka wakachukua Tanganyika, mlima wakauweka kwenye jina la safari. Lakini nakubali, ile e inanikera tangu nilipoiona.

#33 Msafiri_wa_Mwezi
Tukiwa kwenye maneno: nani anaita "kifungua kinywa" na nani "kiamsha kinywa"? Mke wangu wa Mombasa ananicheka kila asubuhi.

#34 BintiKisauni
Kiamsha kinywa. Bibi yangu alisema staftahi. Hakuna mjadala.

#35 Fundi_Saa
Kwetu ni "chai" tu. "Umekunywa chai?" maana yake umekula. Hata kama ulikula viazi na maharage.

Na nyinyi mnaoweka nafasi, angalieni saa. Mdogo wangu aliweka nafasi ya 8:20 asubuhi, akamtumia baba ujumbe "ni 8:20". Baba akaelewa saa nane na dakika ishirini, akaenda kutembea. Tukamsubiri kwenye mlango wa mgahawa hadi nafasi ikapita, na ukikosa bila kufuta mapema migahawa mingi pale hutoza dola 10 kwa kila kichwa. Tulikuwa sita. Andikeni "saa mbili na ishirini asubuhi", kwa maneno, kwa wazee wote.

#36 Nakshi_ya_Pwani
Fundi, pole. Siku hizi mingi inakubali kufuta hadi saa mbili kabla ya muda wa nafasi yako bila kutozwa, na hilo linasaidia wenye kutafuta nafasi pia. Jioni ya kuamkia siku yenyewe na asubuhi mapema ndipo watu wanafuta. Nilipata Boma ya watu watano saa nne usiku kwa ajili ya kesho yake. Bahari, usikate tamaa siku ya 60 ikipita.

#37 Kibuyu
Nasikia ukilala hoteli zao unaingia saa nzima kabla ya wengine?

#38 BintiKisauni
Nusu saa, kila siku, bustani zote nne. Na hiyo nusu saa ndiyo adui mkubwa wa kifungua kinywa, kwa maoni yangu. Mtu amelipia hoteli ghali ili aipate, utamwambiaje akae ale mayai? Shangazi #13 anasema wageni wamechagua. Mimi nasema wamesukumwa.

#39 Shangazi_Pendo
Aliyesukumwa bado ana miguu yake, mwanangu.

#40 Dada_Zuhura
Mjadala mzuri, ila kahawa mmeisahau. Kila bustani ina duka moja la Starbucks, na asubuhi foleni yake inaweza kushinda ya mchezo. Mimi naamini wale wanaosimama pale hawana njaa. Wamezoea kikombe mkononi, wakikikosa wanaona siku haijaanza. Maji ya barafu ni bure kwenye kaunta yoyote yenye mashine ya vinywaji, na majani ya chai mtu anaweza kubeba mwenyewe. Maji ya moto omba kwa upole.

#41 Bahari_Tulivu
Wakuu, tumerudi. Nilisema nitaleta mrejesho.

Siku ya kwanza Magic Kingdom: mayai ya kuchemsha na mkate wa ngano nzima kwenye kisanduku. Mama alichoma na kula kwenye feri, katikati ya ziwa, upepo ukimpiga. Alipenda ile kuliko mgahawa wowote. Fundi_Saa, dakika zako 50 zilikuwa kweli, kwetu 55.

Siku ya pili tulikimbia na kamba kama Dada_Zuhura, tukakaa kula saa nne na nusu. Watoto walifurahi. Mama alichoka, sukari ilishuka hadi 3.8 kwenye foleni, juisi ya mfukoni ikafanya kazi. Muuguzi, nilikukumbuka pale.

Siku ya tatu nilipata Boma, kwa ile njia ya Nakshi, usiku wa kuamkia. Mpishi alikuja mezani. Mama alikula uji, mayai, papai na kipande cha bobotie, akauliza wametia nini. Mpishi akaanza kutaja: bizari, zabibu kavu, majani ya limau... Mama akamwambia, kwa Kiswahili, pilipili manga imezidi. Binti yangu mkubwa akatafsiri. Mpishi akacheka, akaandika.

Halafu tukatoka nyuma, Arusha Rock. Ukungu ulikuwa bado haujapanda wote. Twiga mmoja alikuwa karibu sana, anatafuna, unasikia meno. Mama alikaa kwenye benchi na kikombe cha chai kutoka kwenye thamosi, hakutaka kuondoka. Bustani ilikuwa imeshafunguliwa dakika arobaini zilizopita. Mume wangu akatazama saa, akanitazama, akakaa naye.

Siku ya nne mama alikataa kwenda popote, tukala nyumbani.

#42 Kaka_Mpole
Nimesoma mara mbili. Lakini bado nasema hawataki ule asubuhi.

#43 Muuguzi_wa_Zamu
3.8 mlishika vizuri. Mweleze daktari wake hiyo siku, na saa ilivyokuwa.

#44 Mtoto_wa_Amu
Bahari, mama alifika Harambe? Alisema nini?

#45 Bahari_Tulivu
Alifika. Alisoma kibao kwa sauti, akasimama, akasoma tena. Akauliza ofisi yao iko wapi, anataka kuwaambia wamesahau e moja.